Mwalimu wa Kiingereza mtandaoni: Mfilipino au Mwingereza?

Mdogo wangu ni muuguzi Tanga na anajiandaa kwenda kufanya kazi Uingereza. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Shikamoo kaka. Nimepata walimu wawili wa Kiingereza mtandaoni, mmoja Mfilipino wa mji wa Cebu, mwingine Mwingereza. Huyu Mwingereza bei yake ni mara nne. Halafu watu wananiambia nikisoma kwa Mfilipino nitaharibu matamshi. Nimchukue nani?"

Nilimwomba siku mbili. Swali hilo nimeishi nalo. Nilikaa miaka sita kwenye mapokezi ya hoteli Dubai, na wenzangu wawili wa zamu walikuwa Wafilipino. Nimesoma mtandaoni kwa mwalimu wa Cebu mwaka mzima, kisha kwa mwalimu wa Kent, kusini mwa Uingereza, miezi minane. Nilichomjibu mdogo wangu ndicho ninachokiandika hapa kwa urefu zaidi, maana najua swali hilohilo linawasumbua wengi: wanaokwenda Ghuba, wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, na wanaotaka tu kufungua kinywa mbele ya mgeni bila kutetemeka.

Jambo la kwanza nililomwomba ni aliache hilo neno "kuharibu". Lafudhi ya Mfilipino si Kiingereza cha Kimarekani kilichovunjikia njiani. Ina asili yake, na ukiijua asili hiyo unajua mapema mwalimu wa Kifilipino atakupa nini na nini hana cha kukupa.

Lafudhi yenyewe ilizaliwaje

Hispania iliitawala Ufilipino kuanzia 1565, zaidi ya miaka 300, lakini Kihispania kilibaki kuwa lugha ya wachache: watawala, mapadri na wasomi. Mwananchi wa kawaida alichukua maneno tu, na namna alivyoyachukua inasema mengi. Dirisha kwa Kihispania ni "ventana". Mtagalogi, yaani msemaji wa Kitagalogi, lugha ya Manila iliyokuja kuwa msingi wa lugha ya taifa, akasema "bintana". Kahawa, "café", ikawa "kape". Sikukuu, "fiesta", ikawa "pista". Kitagalogi cha asili hakina f, v wala z, kwa hiyo ulimi ulichukua sauti jirani iliyokuwapo tayari. Sisi tulilifanya "kitab" la Waarabu kuwa "kitabu", na hakuna aliyetuambia tumekosea.

Desemba 1898, kwa Mkataba wa Paris, Hispania iliwaachia Wamarekani visiwa hivyo kwa dola milioni 20. Wafilipino hawakuwa wameulizwa, na vita vya kumpinga mtawala mpya vikaanza 1899. Shule zilifunguliwa vita vikiwa bado vinaendelea, na walimu wa kwanza wa Kiingereza walikuwa askari wa Kimarekani. Januari 1901 Sheria Namba 74 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Agosti mwaka huohuo meli ya jeshi iliyoitwa Thomas ikatia nanga Manila ikiwa na walimu wapatao 500 kutoka Marekani. Mpaka leo walimu hao wanaitwa kwa jina la meli yao, "Thomasites".

Piga hesabu: walimu 500, na visiwa vyenye watu zaidi ya milioni 7. Hawakutosha hata kidogo. Kazi yao kubwa ikawa kuwaandaa walimu wenyeji, na chuo cha ualimu kikafunguliwa Manila mwaka huohuo wa 1901. Katika muda wa miaka ishirini hivi, aliyesimama mbele ya darasa alikuwa Mfilipino, mara nyingi aliyefundishwa na Mfilipino mwenzake. Mtoto wa Samar au wa Ilocos, mbali na Manila, hakumsikia Mmarekani. Alimsikia mwalimu wake na akasoma kitabu. R ya Kimarekani ilidumu, kwa sababu kitabuni imeandikwa na mwalimu anaitamka. Irabu ambazo Mmarekani huzimeza hazikudumu, kwa sababu kitabuni hazionekani kwamba zimemezwa. "Banana" ikasomwa ba-na-na, kila silabi ikipewa haki yake.

Kama umesoma shule ya Tanzania au Kenya, habari hii unaitambua. Kiingereza chetu nacho kimepita mikononi mwa walimu wetu wenyewe. Tofauti ni chanzo: wao walianzia kwa Mmarekani anayeitamka r popote iliyoandikwa, sisi tulianzia kwa Mwingereza wa kusini anayeiacha mwishoni mwa silabi. Tofauti hiyo ndogo nitairudia, kwa sababu ndiyo iliyonisaidia kuliko zote.

Baada ya uhuru wa 4 Julai 1946 Kiingereza hakikuondoka. Mwaka 1974 serikali iliagiza sayansi na hisabati zifundishwe kwa Kiingereza, na masomo ya jamii kwa lugha ya taifa. Katiba ya 1987 imeziweka lugha zote mbili kuwa rasmi. Na hapo kuna jambo linalonipendeza: mwaka 1959 lugha ya taifa ilipewa jina "Pilipino", kwa p, jinsi ulimi wa watu ulivyotamka, Katiba ya 1987 ikaiita "Filipino", kwa f, na alfabeti ikapanuliwa kufikia herufi 28, f na v na z zikiwamo. Kijana msomi wa Manila wa leo ana f safi. Anayedhani Wafilipino wote husema "pipti" badala ya "fifty" hajazungumza nao vya kutosha. Mwanaisimu wao Teodoro Llamzon aliandika tangu 1969 kwamba Kiingereza sanifu cha Kifilipino kipo, kina kanuni zake, na wasomi wa nchi hiyo wanakikubali wao kwa wao.

Mdomoni na masikioni

Somo langu la kwanza na mwalimu wa Cebu lilinishangaza kwa jambo moja: nilielewa kila neno. Hata swali moja sikumwomba arudie. Si kwamba alikuwa anazungumza polepole. Kiswahili na lugha za Ufilipino havina undugu wowote, ila vina tabia moja inayofanana. Silabi zetu zinatembea kwa mwendo sawa, na irabu zetu ni a, e, i, o, u, kila moja ikisikika wazi. Mfilipino akisema "comfortable" utazisikia silabi zake zote. Mwingereza atazikunja hadi zibaki tatu hivi, na iliyobaki katikati ni pumzi tu.

Uwazi huo ni zawadi kwa anayeanza. Kwa mtu mwenye hofu, kuelewa na kueleweka ndani ya dakika 50 za mwanzo ni kama kuvushwa mto. Mimi nilikuwa na hofu hiyo, na mwalimu wa Cebu ndiye aliyeniondolea.

Sasa ile r. Mswahili akisema "hut", kibanda, na "heart", moyo, na "hurt", kuumia, mara nyingi yote matatu yanatoka "hat", na kofia inajiunga nayo. Nilikuwa hivyo. Mgeni mmoja aliteleza kwenye ngazi, nikampigia simu msimamizi nikimwambia mgeni "is hurt", naye akaniuliza kofia imefanya nini. Mwalimu wa Cebu alilimaliza tatizo hilo kwa wiki mbili, kwa sababu yeye huigusa r kila inapoandikwa: "hart", "hert". Si r ya Marekani yenye ulimi uliokunjwa. Ni r ya kugonga kidogo, kama yetu ya "karamu". Kwa hiyo sikulazimika kujifunza sauti mpya, nililazimika tu kuitumia niliyokuwa nayo mahali ambapo shule ilinizoesha kuiacha. Mwalimu wa Kent asingeweza kunipa hilo, maana yeye mwenyewe haitamki. Anayatenganisha maneno hayo kwa irabu tatu tofauti, na irabu hizo zilinichukua miezi. "Hut" na "hat", lakini, ziliendelea kuwa kitu kimoja mpaka nilipohamia kwa mwalimu wa Kent. Mwalimu wa Cebu mwenyewe aliziweka karibu mno.

Kwenye mkazo pia alinisaidia, kwa njia ambayo sikuitarajia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunalipeleka zoea hilo kwenye Kiingereza bila kujua: tunasema meNEja, na "manager" yetu inafuata hukohuko, wakati Kiingereza kinataka MAnager. Mwalimu aliniandikia neno moja la Kitagalogi, "bukas", akalisoma mara mbili. BUkas, kesho. BuKAS, wazi. "Umesikia?" Nikamjibu kwa "barabara" mbili zetu, baraBAra ya magari na baRAbara ya sawasawa. Alicheka kwa furaha, na tangu siku hiyo akiona nimekosea mkazo alikuwa akisema tu, "Barabara!" Mwalimu aliyejifunza Kiingereza akiwa na lugha nyingine mdomoni anajua njia unayopita, kwa sababu naye kaipita.

Kuna mahali ambapo usimfuate. Sauti za th na dh tunazo sisi: thelathini, dhahabu. Wafilipino wengi husema t na d, "tink" na "dis". Kama wewe ni wa Tanga, Unguja au Mombasa, sauti hizo umezaliwa nazo, usiziache ati kwa sababu mwalimu hazitumii. Wengi wetu wa bara tunasema s na z, "sank yu", na huyu mwalimu huenda asikusahihishe vizuri.

Kuna na makosa ambayo mwalimu wa Kifilipino hayasikii kwa sababu ni yake pia. Kitagalogi kina "siya" moja tu kwa mwanamume na mwanamke, sawa na "yeye" wetu. Nilipokuwa nachanganya "he" na "she", mwalimu alikuwa akiacha yapite, na mara nyingine alichanganya yeye mwenyewe. Sisi husema "fungua redio", wao nao husema "open the light" kwa kuwasha taa, na hatukusahihishana. Kibaya zaidi kilinikuta kazini. Mfilipino akitaka usubiri kidogo kwenye simu husema "For a while, sir". Nilidhani huo ndio ustaarabu wa simu, nikautumia mwaka mzima. Wafilipino wenzangu walielewa, Wahindi walishazoea. Siku moja Mwingereza akaniuliza, kwa upole, "A while? How long?" Kwake yeye nilikuwa nimemwambia kwamba atasubiri sana. Choo nacho kwao ni "comfort room", au "CR" kwa kifupi. Ukiuliza CR iko wapi London, utazunguka.

Haya, twende Kent. Somo la kwanza sikuelewa kama theluthi. Mwalimu hakupunguza kasi, na nilikasirika. Baadaye nilimshukuru. Alinitaka nichukue karatasi nyepesi, niishike mbele ya midomo, niseme "pen". Karatasi yangu haikutikisika. Yake iliruka. Tukarudia, "pen", "tea", "cup of coffee", mpaka yangu ikaanza kupepea. Kumbe p na t na k za wengi wetu hazina pumzi ile, na sikio la Mwingereza likikosa pumzi hiyo linaweza kusikia b badala ya p, d badala ya t. Mwalimu wa Cebu asingenifundisha zoezi hilo kwa sababu karatasi yake nayo ingetulia kama yangu.

Lakini faida kubwa ya Kent ilikuwa masikioni, na hapa nasema kwa uchungu kidogo. Kabla sijamjua, mgeni wa Kiingereza aliniomba teksi ya "half six". Nilisikia "six" tu, kilichotangulia kilipita kama upepo. Teksi ikaja saa kumi na mbili kamili, ikasubiri nusu saa na mita inatembea, kwa sababu kwa Mwingereza "half six" ni kumi na mbili na nusu. Ningekuwa nimesoma miaka kumi kwa Mfilipino nisingeokoka na kosa hilo. Mfilipino angeniambia "six thirty", kila silabi mahali pake. Kusikia Kiingereza kilichomezwa ni ujuzi wa peke yake, na aliyekimeza ndiye anayeufundisha.

Angalizo dogo: "Mwingereza" nalo si lafudhi moja. Wa Leeds husema "but" kwa irabu iliyo karibu na u yetu, wa Glasgow ni Mskoti mwenye r yake, na wa Liverpool ana muziki mwingine kabisa. Ukimlipa bei ya mara nne, muulize anatoka wapi.

Masikio ya watu wa nje

Mdogo wangu aliogopa jambo moja: kwamba atasikika kama Mfilipino na atadharauliwa. Hofu hiyo haikutoka hewani.

Mwaka 1981 Manuel Fragante, Mfilipino aliyehamia Hawaii, aliomba kazi ya ukarani katika ofisi ya leseni za magari Honolulu. Katika mtihani wa maandishi aliongoza watu 721. Kwenye usaili wakamkataa, wakisema lafudhi yake nzito ingewapa wateja shida. Alishtaki na akashindwa. Mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi mwaka 1989 kwamba mwajiri alikuwa na haki ya kuangalia mawasiliano. Mwaka 2012 hospitali moja ya California ilikubali kulipa dola 975,000 kumaliza shauri la wafanyakazi wapatao 70 wa Kifilipino waliosema walisumbuliwa na kudhihakiwa kwa sababu ya lugha yao na lafudhi yao. Watu hawa walikuwa wamesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi.

Basi tatizo liko mdomoni mwa msemaji au sikioni mwa msikilizaji? Mtafiti wa Marekani, Donald Rubin, alichapisha jaribio mwaka 1992 linalojibu sehemu ya swali hilo. Aliwasikilizisha wanafunzi mhadhara uliorekodiwa na Mmarekani mmoja. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke mzungu, jingine picha ya mwanamke wa Asia. Sauti ni ileile. Walioona uso wa Kiasia walisema wamesikia lafudhi ya kigeni, na mhadhara wenyewe hawakuuelewa vizuri kama wenzao. Jaribio hilo linatuhusu sana sisi Waafrika, na ushauri wangu wote wa kuchagua mwalimu umejengwa juu yake.

Upande wa pili wa sarafu ni mkubwa vilevile. Makampuni ya Marekani yanawapa Wafilipino simu za wateja wao. Kufikia mwaka 2010 hivi Ufilipino ilikuwa imeipita India katika kazi ya kupokea simu, na leo sekta hiyo pamoja na huduma zinazoambatana nayo imeajiri zaidi ya watu milioni 1.5. Wakorea na Wajapani kwa maelfu husafiri kwenda Cebu na Baguio kusoma Kiingereza kwa walimu wa Kifilipino. Hata hivyo Korea Kusini hutoa viza ya kawaida ya mwalimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi 7 tu, Ufilipino haimo, Kenya na Tanzania pia hazimo. Mkorea anapanda ndege kumfuata mwalimu ambaye Korea haimruhusu kuja kufundisha. Naliona hilo kuwa ni dhuluma, na sitatafuta neno laini zaidi.

Ghuba hali ni tofauti kabisa. Huko Kiingereza cha kila siku hakina mwenyewe. Hotelini kwetu Mfilipino, Mhindi, Mmisri, Mganda na Mrusi walielewana kwa Kiingereza siku nzima, na aliyekuwa haeleweki mara nyingi alikuwa mgeni wa Glasgow. Waarabu na Wahindi humwita Mfilipino yeyote "kabayan", neno lake mwenyewe lenye maana ya mtu wa nchi moja, na lafudhi yake ndiyo sauti waliyoizoea dukani, benki na hospitalini. Adabu yake nayo imesifika. Kitagalogi kina neno "po", la kumpa mkubwa heshima yake, na Mfilipino akishindwa kulipata kwenye Kiingereza hulipachika hivyohivyo: "Yes po". Aliyelelewa na "shikamoo" anaelewa upungufu wanaojaribu kuuziba.

Na Uingereza kwenyewe? Tarehe 8 Desemba 2020, mjini Coventry, Margaret Keenan alichomwa chanjo ya Uviko-19 ya Pfizer, wa kwanza kuipata nje ya majaribio. Muuguzi aliyeshika sindano alikuwa May Parsons, Mfilipino. Nilimkumbusha mdogo wangu hilo kwa makusudi: huko anakokwenda, kiongozi wa zamu wodini anaweza sana kuwa na lafudhi hiihii aliyoambiwa itamharibu.

Pesa na saa

Bei hutofautiana, mimi nitasema zangu tu. Cebu nililipa dola 6 kwa saa, Kent pauni 22. Kwa fedha ya saa moja ya Kent nilipata zaidi ya saa nne za Cebu, na katika kuzungumza wingi wa saa hauna mbadala.

Saa za ukutani ndizo watu husahau. Manila iko mbele yetu kwa saa tano. Ukisoma saa mbili asubuhi kabla ya kazi, mwalimu yuko saa saba mchana na akili yake iko macho. Mwingereza saa hiyo ni alfajiri. Ukisoma saa mbili usiku mambo yanageuka: Uingereza ni jioni nzuri, Ufilipino ni saa saba ya usiku. Wapo Wafilipino wanaofundisha usiku huo kwa kuwa wamezoea zamu za kupokea simu, lakini mwalimu mwenye usingizi hakusahihishi, anakuitikia tu.

Kwa hiyo nani?

Ukienda Ghuba, hotelini, dukani, kulea watoto au udereva, chukua Mfilipino na pesa iliyobaki tumia kwa mengine. Atakufundisha lafudhi inayoeleweka huko na adabu ya kazi ya huko. Mwombe tu akuonyeshe maneno yaliyo ya Ufilipino peke yake, "for a while" likiwa la kwanza. Ukiwa mwoga wa kuzungumza, popote unapokwenda, anza naye pia. Kama una mwalimu mzuri Nairobi au Kampala mwenye subira, atakupa mengi ya hayohayo, isipokuwa ile r.

Ukiwa tayari unazungumza bila kukwama na shida yako ni kuwaelewa Waingereza au Waaustralia wakizungumza wao kwa wao, Mfilipino hatakusaidia. Lipa Mwingereza, hata kama ni mara mbili tu kwa mwezi, na mpe kazi maalumu: aseme kwa kasi yake, usimamishe, akufungulie alichokimeza.

Wa IELTS, kama mdogo wangu, wako katikati. Mtihani wa kuzungumza una vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Kwenye matamshi unapimwa kueleweka, si kusikika kama mtu wa London. Vigezo vitatu vya kwanza vinataka mazoezi mengi, na mazoezi mengi yako Cebu. Kusikiliza ndiko kwenye mtego, maana rekodi zina sauti za Uingereza, Australia na Amerika ya Kaskazini. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Wauguzi wengi wa Kifilipino wamepita kwenye mtihani huohuo, kwa hiyo ukibahatika kumpata mwalimu aliyewahi kuufanya mwenyewe, mng'ang'anie.

Kabla ya kulipa, omba somo la majaribio kwa wote wawili, na uzime video. Nalitilia mkazo hili kwa sababu ya yale majaribio ya picha. Sikiliza sauti bila uso. Mwombe Mfilipino asome "vest, best", "fan, pan", "thin, tin". Kama hazitofautiani kabisa, tafuta mwingine, wapo wengi. Mwombe Mwingereza akueleze kwa nini "hut" na "hat" ni tofauti na ulimi unakaa wapi. Akikujibu tu kwamba "ndivyo tunavyosema", basi ana lugha lakini ualimu hana, na dola zako zitakwenda bure.

Juzi mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amezima video kama nilivyomwambia. "Kaka, huyu wa Cebu nimemwelewa kila neno, na nimezungumza mpaka muda ukaisha. Yule Mwingereza nimemkosa kama robo. Nimewachukua wote. Huyu wa Cebu Jumatatu na Alhamisi asubuhi, Mwingereza kila baada ya wiki mbili. Huyo nitakuwa namlipa kwa ile robo."